Maharagwe ya Kamera Hayaliwi

Walimu wa upigaji picha wana ushauri wanaoupenda mno: usinunue vifaa ghali, jitengenezee kwa vitu vilivyomo nyumbani. Hawasemi nyumbani kwa nani. Huku kisiwani Mfangano, Kenya, kila kilichomo nyumbani kina mwenyewe, na mwenyewe hana mchezo.

Chukua mto wa maharagwe. Unashona kitambaa, unajaza maharagwe, unaulaza ukingoni mwa mashua na kuegemeza lenzi juu yake. Injini ikitetemeka kutoka Mbita hadi Sena, punje zinameza mtetemo. Stendi ya miguu 3, hata iwe ya bei gani, itatetemeka pamoja na mashua. Basi nikashona wangu, nikaringa nao. Mwisho wa mwezi nikarudi nyumbani nikakuta kitambaa kimefuliwa kinaning'inia kambani, na maharagwe yako motoni na mahindi.

"Baba, kwani watoto wale picha?" mama watoto akauliza.

Nikajaza mchanga wa ufuoni. Mchanga ukaanza kutafuta njia ya kuingia kwenye lenzi. Nikajaza omena kavu. Sasa paka wote wa Sena wananijua.

Angalau kamba haigombaniwi, maana vipande vya nyavu kuukuu vimetapakaa ufuoni. Unaifunga kwenye bolti, unakaza bolti chini ya kamera, unakanyaga ncha ya pili na kuvuta juu mpaka kamba ikaze. Mkono unatulia hata jua likiwa limezama. Shida ni hiyo bolti. Kamera inataka ya robo inchi, yaani milimita 6.35. Muuza vyuma atakupa ya milimita 6 na kuapa ni mamoja. Si mamoja! Inachezacheza kama jino la mtoto. Na ukiipata iliyo sahihi, wazee watakuona umekanyaga kamba unayoivuta mwenyewe, wakuulize umegombana na nani.

Kulainisha mwanga wa flashi, zamani tuliivisha mfuko mweupe wa plastiki. Tangu marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017, mfuko huo unaweza kukuletea faini ya hadi shilingi milioni 4, pesa ambazo zingeninunulia studio nzima. Kilichobaki ni vile vitambaa vyeupe vya kufumwa vinavyofunika makochi. Vina matundu. Bi harusi anatoka na maua mashavuni, na mwenye makochi anatafuta kitambaa chake.

Kifaa ninachokipenda ni katoni niliyoigundisha foili ya kufungia nyama. Kule Kwitone, chini ya mwamba wenye ile michoro ya kale ya duara nyekundu na nyeupe, flashi hubapaza kila kitu. Katoni inaokota jua la nje na kuliingiza kutoka ubavuni, na mikwaruzo yote ya jiwe inajitokeza. Mgeni mmoja mwenye begi la lenzi alinitazama, akaacha michoro, akapiga picha katoni.

Wenyeji hawavutiwi kiasi hicho. Juzi mzee mmoja aliyetaka picha za harusi ya mwanawe aliikagua mbele na nyuma.

"Japicha, na bei yote hiyo, kumbe ni katoni?"

Nikamweleza habari za mwanga, kivuli cha kofia, macho ya bwana harusi. Akasikiliza kwa heshima zote, kisha akauliza nikiiacha nyumbani atapunguziwa ngapi.