Mabingwa wa Kijiweni

Ukitaka kujua Mike Tyson alivyoangushwa na Buster Douglas kule Tokyo mwaka 1990, usihangaike na video. Nenda Bariadi, ulizia kijiwe cha kahawa. Jamaa mwenye reflekta ya bodaboda atapiga magoti, apapase vumbi akitafuta kinga ya meno kama Tyson, na kikombe cha mwenzake kitamwagika.

Mzee wa pembeni hayo hayamhusu. Kwake ndondi iliisha Kinshasa, Oktoba 30, 1974, Ali alipomlaza Foreman raundi ya 8. Anasimulia zile kamba za ulingo utadhani yeye ndiye aliyezifunga.

"Tyson wa mwaka 1988, mzee wangu, angemmaliza Ali wako raundi ya kwanza!"

"We dogo, kanywe maji."

Ali huyohuyo alitua Dar es Salaam mwaka 1980, katumwa na Rais Carter atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Hilo kijiweni halitajwi, linaharibu utamu.

Kinachonifurahisha ni uzito. Hapa kila mtu anajua kilo za kila bondia, na majaji waliompa Holyfield sare na Lewis mwaka 1999 wanatukanwa mpaka leo kwa hasira mbichi. Msimu wa pamba ukifika, bingwa wetu anapeleka marobota yake kwenye mizani, anasomewa kilo pungufu kuliko alizopima nyumbani, anakunja risiti, anasema asante, kisha anawahi kijiweni kabla mjadala haujaanza.