Naomba Kusajiliwa Kuwa Mgeni

Kwa Waheshimiwa wa Kamati ya Mawasiliano, Habari na Uvumbuzi,
Bunge la Taifa,
Nairobi.

Waheshimiwa,

MINT: OMBI LA KUSAJILIWA KUWA MGENI

Mimi ni Mkenya wa kuzaliwa, na nimeanza kuliona hilo kuwa kikwazo. Kazi yangu ni kuifunza kompyuta Kiswahili cha gengeni, kile cha "niongeze sukuma ya thelathini", si kile cha taarifa ya habari. Tuko wawili, laptopu mbili, na bando tunalolichangia. Naomba mniandikishe kuwa mgeni, kwa sababu nimechunguza nikaona kwamba hapa kwetu akili unde humnyookea mtu akitoka mbali.

Angalieni wenyewe. Julai 2023 watu wa mradi wa kigeni wa Worldcoin walitupangia vyombo vyao vya rangi ya fedha, vya mviringo kama mpira. Watu wakajipanga pale kwenye jumba la mikutano la KICC, wakachungulia, mboni zikapigwa picha, wakaenda zao na ahadi ya sarafu za kidijitali za thamani ya kama shilingi 7,000. Sheria ya Kulinda Data ilikuwepo tangu 2019, imekaa kabatini imepigwa pasi. Serikali iliposimamisha shughuli hiyo mwanzoni mwa Agosti, Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wameshachunguliwa. Tukangoja hadi Mei 2025, Mahakama Kuu ilipoamuru data ile ifutwe katika siku saba. Karibu miaka miwili ya kufikiri, siku saba za kufuta! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema apone nini.

Miezi michache baada ya foleni ile, rasimu ya mswada wa kuunda Chama cha Roboti na Akili Unde ikafika Bungeni. Nikafurahi: sasa wenye vyombo watakiona cha mtema kuni. Kumbe anayetafutwa ni mimi! Rasimu ilitaka yeyote anayejishughulisha na mambo haya asajiliwe kwanza na apewe leseni. Aliyebeba mboni za watu laki tatu na nusu, na mwanafunzi anayeifunza kamera kutambua madoa kwenye jani la mahindi, wote wapange foleni moja. Tofauti ni kwamba mmoja wao ana mawakili.

Msidhani nachukia sheria. Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba vijana waliokaa papa hapa Nairobi, wameajiriwa na kampuni ya kandarasi, wakisoma uchafu wa intaneti, ili ChatGPT ijifunze adabu, walilipwa chini ya dola mbili kwa saa. Hao hawakuhitaji leseni. Walihitaji mtu wa kumhoji mwajiri wa mwajiri wao.

Sasa tunao Mkakati wa Taifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030, unaozungumzia mamlaka ya nchi juu ya data yake. Maneno matamu. Ila Mei 2024 tulitangaziwa kwamba Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi watajenga kituo cha data Olkaria, cha kutumia umeme wa mvuke wa ardhini, kwa uwekezaji wa dola bilioni moja. Mvuke ni wetu, ardhi ni yetu. Je, mimi na mwenzangu tukitaka kuifunza modeli yetu humo, tutatengewa kona, au tutakodi mashine kwa dola kama watalii? Hilo lingefaa kuulizwa kabla ya mtu kushika mkasi wa kukata utepe.

Mkinikatalia ugeni, basi pokeeni ombi la pili. Sheria ipimwe kwa ukubwa wa anachochukua mtu, si kwa wepesi wa kumfikia mlangoni. Anayekusanya alama za miili ya watu kwa maelfu ahojiwe kabla hajafungua sanduku. Sisi wawili mtuache tujaribu; tukikosea mtatupata, tuko ghorofa ya tatu, lifti haifanyi kazi.

Nimeambatisha nakala ya kitambulisho na picha mbili za pasipoti. Picha ya mboni sina. Siku ile nilikwenda KICC, nikakuta foleni ni ndefu mno.

Wenu mtiifu,
Mgeni mtarajiwa