Wivu wa Wenye Mali

Kijiweni Maili Moja, Kibaha, ubishi umepamba moto: eti kila mtu anatuiga, Wakenya, Waganda, bado Wakorea tu. Bongo Fleva oyee! Spika nyuma ya wabishi inapiga amapiano ya Afrika Kusini, iliyotiwa Kiswahili, jina la msanii likitajwa mara nne kabla ya ubeti kuanza.

Na chetu kweli tunacho: ngoma za Wazaramo wa Kisarawe na jirani zao ziliingia mjini, zikapewa kinanda cha Casio zikawa mchiriku, zikakolezwa mwendo zikazaa singeli. Tukaiita ya wahuni. Mwaka 2017 lebo ya Kampala ikatoa albamu ya singeli, Sounds of Sisso, Ulaya wakaikatikia. Ghafla ni urithi wetu! Wazee wa Maneromango kule Kisarawe, hongereni, mmetambuliwa na Wazungu.