Magoti Hayana Kadi

Kwenye steji ya Thika, kiti cha mbele kina wenyewe. Gari linaweza kuwa tupu, dereva bado yuko kibandani anamalizia chai na mandazi, lakini wewe gusa tu kitasa cha mlango wa mbele uone. Makanga ambaye hata hukujua yuko wapi atapaza sauti: "Hapo kuna watu!" Uliza ni watu gani. "Wanakuja." Na kweli huja. Mmoja ni binti aliyejipulizia marashi hadi dereva akakumbuka kunyoosha kola, na wa pili ni rafiki ya dereva, wa kuzungumza naye njiani, ambaye sijawahi kumwona akitoa nauli. Ukiiunganisha miguu yao yote minne, labda utakaribia urefu wa hii yangu miwili.

Mimi nina futi sita na inchi tano. Maswali yako nayajua, maana kila mtu huyauliza: kama huko juu kuna baridi, kama nilicheza basketiboli (sikucheza, sina shabaha), na nyumbani tulikuwa tunalishwa nini. Kipimo kinachonisumbua mimi ni kingine. Nikikaa na kuegemeza mgongo ukutani, kutoka ukutani hadi ncha ya goti ni inchi 27. Nilipima dukani kwangu kwa futi kamba, shahidi akiwa mteja aliyekuja kutafuta brekipedi. Nauza vipuri Thika na kulala nalala Ruiru, kwa hiyo inchi hizo 27 huenda asubuhi na kurudi jioni, na kila safari zinatafuta pa kukaa.

Isitoshe, mtu wa Ruiru hana hadhi. Magari ya Thika yanamtaka abiria wa Nairobi, anayekwenda moja kwa moja hadi Ngara. Wa Ruiru anashuka njiani, analipa nauli pungufu, na anaacha pengo ambalo makanga lazima alizibe kwa kupiga kelele upya. Hata kabla magoti hayajatajwa, tayari mimi ni wa daraja la chini. "Mrefu, ingia huko nyuma, gari ni kubwa!" Gari lenyewe ni Nissan.

Watu wengi humkumbuka marehemu John Michuki kwa mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na ule mstari wa manjano ubavuni mwa matatu. Mimi humkumbuka kwa magoti. Kanuni zake zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, Nissan iliyokuwa ikibeba 18, bila kuhesabu waliokuwa wakining'inia mlangoni, ikaambiwa mwisho wake ni 14. Wiki hiyo nilikaa mkao wa binadamu. Lakini kanuni zilihesabu watu, hazikuhesabu mapaja, na haikuchukua muda viti vikaanza kusogeleana tena.

Zilipokuja zile basi za abiria 33 nikadhani nimekombolewa. Huku kwetu hatuna sababu ya kutoelewa mambo haya, maana Thika ni mji wa kuunda magari: kiwanda kilichoanza kama Leyland Kenya miaka ya 1970 ndicho leo Kenya Vehicle Manufacturers, na tangu 2024 mabasi ya umeme ya BasiGo yanaunganishwa humo. Na nchi ina kiwango rasmi cha bodi za magari ya abiria, KS 372, kwa anayependa kusoma. Mimi nilipendelea kumuuliza fundi mmoja wa viti, wa jua kali, anayenunua bidhaa kwangu. Kwa nini, nikamuuliza, mtu hawezi kuacha inchi chache zaidi?

Akanitazama kuanzia viatuni, taratibu, hadi akafika. "Mzee, mwenye gari hanunui nafasi, ananunua viti. Ukinyonya kila mstari inchi tatu, ukifika nyuma umekaribia kupata mstari mzima wa bure." Kisha akaomba pakiti nyingine ya boliti. Ndiyo maisha yangu hayo: boliti zinazonibana nauza mimi mwenyewe, tena kwa bei ya jumla.

Basi nikahamia kiti cha mlangoni. Ni kile cha kwanza kwenye Nissan, ambacho mbele yake hakuna kiti bali nafasi ya kupandia. Hapo mguu mmoja unanyooka hadi kwenye ngazi, na wa pili unangoja zamu yake. Raha hiyo ina kazi zake. Witeithie, shuka watu wapite. Juja, shuka, wanafunzi wa JKUAT wateremke na mabegi na magodoro. Kenyatta Road, shuka. Toll, shuka, tena kuna mama ana gunia la viazi, lishike upande huo. Makanga alipoona nimezoea akaniachia mlango kabisa, yeye akahamia kwenye simu yake. "Mrefu, funga hapo." Nauli za nyuma zinapitia mkononi mwangu, chenji inapitia mkononi mwangu, na chenji ikipungua, gari zima linanitazama mimi.

Nimeeleza haya ili ieleweke kwamba siku niliyofika uwanja wa ndege kuomba kiti cha mlango wa dharura sikuwa naomba kazi nisiyoijua.

Biashara hunipeleka Sharjah mara kwa mara, kwenye yadi za vipuri vilivyotumika. Kutoka Ruiru ni rahisi: unashika barabara ya Eastern Bypass pale Kamakis, unapita harufu ya nyama choma kwa uchungu, na unatokea karibu na JKIA. Ndege hadi Dubai, jirani na Sharjah, ni saa tano hivi. Saa tano kwa mtu wa kawaida ni filamu mbili na usingizi kidogo. Safari iliyotangulia, mimi nilizipitisha meza ya chakula ikiwa imekataa kushuka, imekwama juu ya magoti kwa mteremko, nikala wali kwa mkono mmoja huku wa pili ukizuia mchuzi usiende kwa jirani. Mguu niliojaribu kuupumzisha kwenye ujia uligongwa na kitoroli cha vinywaji wakati wa kwenda, ukagongwa tena wakati wa kurudi. Mhudumu aliomba radhi mara zote mbili, kwa upole uleule.

Mashirika ya ndege yana ujanja wao wa kupima. Wanaanzia pointi moja ya kiti chako hadi pointi ileile ya kiti kilicho mbele, na unene wa mgongo wa kiti umo ndani ya hesabu. Ukiambiwa inchi 30, toa unene huo, toa na mfuko wa majarida, ndipo unitafutie pa kuziweka zile 27. Na wala si malalamiko ya mtu mmoja wa Ruiru. Mwaka 2017 chama cha abiria cha Marekani, Flyers Rights, kilifikisha suala hili mbele ya mahakama ya rufaa ya Washington, na Jaji Patricia Millett akaiita kesi ya kiti cha ndege kinachosinyaa kwa maajabu. Mahakamani ilielezwa kwamba wastani wa nafasi ulikuwa umeshuka kutoka inchi 35 hadi 31, na kwenye ndege nyingine 28. Mwaka uliofuata Bunge la huko likapitisha sheria ya kutaka kiwekwe kipimo cha chini. Tatu za fundi wangu wa Thika, nne zao: naona wahasibu wote walisoma shule moja.

Wengine wamejichukulia sheria mkononi. Kuna kidude cha plastiki kiitwacho Knee Defender, unakibana kwenye meza na wa mbele hawezi kulaza kiti. Agosti 2014 kilizua ugomvi kwenye ndege iliyokuwa ikitoka Newark kwenda Denver, maji yakamwagwa, na rubani akaona heri atue Chicago awashushe wagomvi wote wawili. Fundi yeyote wa Makongeni, pale Thika, angenichongea kama hicho kwa muda wa kunywa soda, lakini mimi sina ndege ya pili ya kupanda nikishushwa.

Kwa hiyo niliamua kutumia mdomo. Nilifika mapema, nimevaa shati la harusi.

"Hujambo, dada. Naomba kiti cha mlango wa dharura."

Akabofya bofya. "Vile vimebaki kwa wanachama."

"Mimi ni mwanachama."

"Wa wapi?"

"Wa sako."

Alicheka, nami nikaona mlango umefunguka kidogo. Akauliza kama nina kadi ya shirika, ya fedha au ya dhahabu. Kwenye pochi nilikuwa na kadi ya kukusanya pointi za supamaketi, nikaona nisimchoshe. Basi nilipie, akasema, na akataja bei ambayo ingeninunulia shokabsoba mbili za Probox, za mbele. Nikarudi nyuma hatua mbili ili anione nzima. Alinitazama, akasikitika kwa dhati, akabofya tena.

"Pole, kaka. Mfumo unakataa."

Hapo ndipo nilipomkumbuka makanga kwa mapenzi. Makanga atakunyima kiti akuone unavyojikunja, sawa, lakini ana macho. Siku akiwa na moyo mzuri, au binti wa marashi asipokuja, atakuita kwa mkono: "Mrefu, leo kaa mbele." Mfumo hauna siku nzuri. Unajua umeruka kilomita ngapi na shirika lake, unajua hupendi nyama ya nguruwe, na haujui kama una miguu. Mtu aliyesafiri sana akapata kadi ya dhahabu anapewa nafasi ya magoti hata kama magoti yenyewe yameishia katikati ya kiti.

Na ndivyo ilivyokuwa. Nilipopita kuelekea kiti changu, cha katikati, huko nyuma, nilimwona pale kwenye mlango wa dharura: bwana wa suti, nadhifu, amejifunika blanketi tayari, viatu vyake vikiwa hewani. Mbele yake palikuwa na uwanja wa kuchezea bano.

Nikajipanga kitini kwa awamu. Goti la kulia liliingia, la kushoto likaingia kwa nguvu, na kiti cha mbele kikaruka.

"Nani ananisukuma?" Alikuwa mama wa makamo, wa leso kichwani, anayekwenda kumwona mjukuu.

"Ni goti, mama. Samahani."

"Goti la nani?"

"Langu."

"Basi lirudishe."

"Halina pa kurudi, mama."

Akageuka, akachungulia katikati ya viti, akafuata lile goti kwa macho hadi akafika usoni pangu. "Ngai!" Akamwita mhudumu aliyekuwa akipita. "Msichana wangu, njoo uone. Huyu mtoto wa watu atakaa hivi mpaka Dubai?"

Nina miaka arobaini na kitu. Sikukanusha.

Kufumba na kufumbua ndege ikawa matatu. Mzee wa upande wa pili akasema ni kweli, si vizuri. Kijana mmoja akasema nafasi zipo kule mbele, amepita akaziona. Jirani yangu wa dirishani, ambaye nusu ya kiti chake nilikuwa nimeichukua kwa kiwiko, akaunga mkono hoja kuliko wote. Mhudumu akasema atajaribu lakini vile viti vina wenyewe. Sentensi hiyo niliifahamu.

Ila kwenye ndege kuna utaratibu ambao steji ya Thika haina. Anayekaa mlango wa dharura lazima aulizwe kabla ya kuondoka kama yuko tayari kusaidia, naye ajibu kwa kinywa chake, na akikataa anahamishwa, awe na kadi ya rangi yoyote. Mhudumu akaenda kumuuliza yule bwana. Akatoa vitu vya masikioni, akaomba arudiwe swali.

"Nifungue mlango? Mimi?"

"Ikitokea dharura tu, bwana."

"Mimi hupewa kiti hiki ili nilale."

Dakika iliyofuata tulipishana kwenye ujia, yeye na blanketi lake, mimi na shati langu la harusi. Mhudumu akanisomea masharti: nisubiri amri, nichungulie nje kwanza kama kuna moto, nisiguse kitasa kwa mchezo. Akauliza kama niko tayari.

"Dada, mimi hutoka Thika hadi Ruiru kila siku kwenye kiti cha mlango. Masharti ni hayahaya, ila sisi hufungua kabla gari halijasimama."

Kiti chenyewe, nisidanganye, kina kasoro. Hakilazi mgongo, meza imefichwa ndani ya mkono wa kiti hivyo unakaa umebanwa kiunoni, begi halikai miguuni, na kuna ubaridi unaotoka mlangoni ukikuingia kwenye kifundo. Sikujali. Niliinyoosha miguu yote miwili kwa wakati mmoja, nikaitazama. Sikuwahi kuiona vile safarini.

Haikukaa peke yake sana. Taa ya mikanda ilipozima, yule mama akaja kunyoosha mgongo, na mahali pa kunyooshea palikuwa mbele yangu. Akashika kiti changu, akakunja goti moja, akakunja la pili, akanieleza habari za mjukuu tangu kuzaliwa. Akaja mtu wa kutembeza mtoto. Wakaja vijana wawili wakasimama kuzungumza habari za yadi za Sharjah, hapo hapo juu ya miguu yangu. "Tupishe kidogo, mrefu." Nikaivuta miguu. Yule bwana wa kadi, nilipogeuka kumtazama kule katikati, alikuwa amelala fofofo, hajagusa kiti cha mtu.

Dubai, ndege ikasimama, watu wote wakainuka kwa pamoja, na hapo urefu wangu ukapata wateja. Mama akataka begi lake la bluu. Mzee wa upande wa pili akataka boksi lake, na nililichukulia kwa uangalifu maana lilinukia maembe. Mwenye mtoto akataka la maziwa. Nilikuwa nimeshika mawili mikononi na la tatu limeegemea paji la uso, nikasikia naguswa kiwiko kwa adabu kutoka chini.

"Boss, na lile jeusi pale ndani kabisa," akasema bwana wa suti. "Polepole tu, kuna kompyuta."