Kuisifu IRQ ya Kuchangia

Wapo wanaosifu prosesa kwa mbio zake na diski kwa ukubwa wa tumbo lake. Mimi sifa zangu nazipeleka kwa laini ya ukatizo, IRQ, njia ambayo kifaa hupitia kumwambia prosesa, "Mzee, weka kazi chini, nina shida." Na katika IRQ zote, naitukuza ile ya kuchangia, laini moja wanayoitumia vifaa kadhaa.

Ukoo wake ni wa dhiki. Kompyuta ya IBM ya 1981 ilikuwa na chipu ya 8259 yenye laini 8. Ya AT ya 1984 ikaongezewa chipu ya pili, lakini hiyo ikapachikwa kwenye laini mojawapo ya mwenzake, kwa hiyo 8 na 8 zikawa 15. Saa ikajichukulia namba 0, kibodi 1, flopi 6. Waliochelewa wakabanana. Mausi ya mlango wa COM1 na modemu ya mlango wa COM3, kwa kawaida, zote zililala kwenye namba 4. Modemu ikianza kupiga simu, mausi inaganda. Nani mwingine angetufundisha kukaa mikono mapajani tukiingoja intaneti? Mafundi nao walikula kwa mgongano huo: fungua kasha, hamisha jampa kwa kibanio, funga, washa, fungua tena.

Kadi za ISA, mfumo wa zamani wa kuchomeka kadi, zilibisha mara moja zikanyamaza, hivyo wawili wakibisha pamoja mmoja alipotea. Mfumo uliofuata, PCI, ukaleta ung'ang'anizi: kifaa kinashikilia mwito wake mpaka kihudumiwe. Hapo kuchangia kukawa halali, na mfumo endeshi ukawa kama nyumba ya kupanga yenye mlango mmoja. Hodi ikisikika, kila draiva kwenye laini hiyo inaulizwa kwa zamu: mgeni wako? Linux inadai jibu la kweli, IRQ_HANDLED au IRQ_NONE. Ni mojawapo ya mahali pachache duniani ambapo "si wangu" ni utumishi uliotukuka.

Wote wakikana je? Kernel, kiini cha Linux, haina papara. Inahesabu miito 100,000, na isiyo na mwenyewe ikizidi 99,900 ndipo inapoandika kwamba hakuna aliyejali, kisha inaizima laini nzima. Kadi ya mtandao isiyo na kosa lolote inazimika pamoja na jirani yake mpiga kelele. Huo ndio ujirani! Wa kufa na kuzikana.

Siku hizi kuna MSI-X: kifaa kinaandika ujumbe wake moja kwa moja kwenye anwani ya kumbukumbu, na kimoja chaweza kumiliki hadi ukatizo 2,048. Ubinafsi mtupu.

Mwenye mashine kuukuu ya Linux, andika cat /proc/interrupts. Ukiona mstari wenye majina mawili yaliyotenganishwa kwa mkato, waheshimu hao: bado wanachangia.