Harufu ya Samaki Maili Moja

Paka ndiye aliyeanza kuisikia harufu. Ilikuwa saa mbili usiku, wakati ambao nyumba ya Mzee Kiboko pale Maili Moja, Kibaha, haikuwa na chumba kilichotulia. Sungura alikuwa ameinjika maharage kwenye jiko la umeme la sahani mbili. Bata, mama lishe, alikuwa akichemsha maji ya chai ya madereva wa malori ya Barabara ya Morogoro. Mbuzi, dobi wa mtaa, alikuwa akipiga pasi mashati ya wateja, na Mama Kuku alikuwa amewasha taa za joto za vifaranga wake mia tatu. Paka akainua pua.

"Jamani, nani anakaanga samaki?"

Hakuna aliyekuwa akikaanga samaki. Lakini wapangaji wa mita moja ya LUKU ni watu wa kutiliana shaka. Kila Jumamosi walichanga fedha za uniti, na kila Jumamosi Bundi, ambaye hakuwa na kitu ila simu ya kuchaji, alilalamika kulipa sawa na Sungura anayepika maharage kwa saa tatu. Basi harufu ile ikawa kesi. Bata akapekuliwa sufuria zake, akapekuliwa hadi chini ya kitanda, akalia kwa kudhalilishwa mbele ya wateja. Paka akazunguka, akanusa, akasimama mbele ya ukuta unaotenga chumba cha Sungura na cha Mama Kuku.

"Inatoka humu," akasema.

"Samaki ukutani!" Wakacheka, wakaenda kulala.

Nyumba ile ilikuwa na historia, na ni lazima niisimulie, kwa sababu moto huanza kupangwa siku ukuta unapojengwa.

Mzee Kiboko alitoka Mto Ruvu na akiba yake, akanunua kiwanja, akapandisha kuta za vyumba sita. Kabla ya kupiga plasta alimwita fundi umeme Komba wa msitu wa Kazimzumbwi, Kisarawe. Komba akatokea Kiluvya, akadaka daladala, akafika na begi la vifaa na leseni yake ya EWURA iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa mdogo wa mwili, macho makubwa, maneno machache. Jambo la kwanza alilotoa begini lilikuwa daftari.

"Shikamoo, Mzee. Wapangaji wako watapika na nini? Watapiga pasi wapi? Kuna atakayefuga?"

"Marahaba. Mimi nitajuaje, mjukuu wangu? Wewe weka soketi nyingi. Mpangaji akiingia chumbani, cha kwanza anahesabu soketi."

Komba akaeleza kwa upole. Fedha iliyokuwepo ilitosha mzunguko mmoja tu wa soketi: waya wa milimita 2.5 za mraba na breka ya ampea 20. Volti ni 230. Zidisha, unapata wati 4,600, nao ndio mzigo wote ambao waya ule unaruhusiwa kuubeba kwa wakati mmoja, soketi ziwe sita au ziwe sitini. Akashauri mizunguko minne, na akashauri Mzee asubiri mwezi mmoja apate fedha ya waya.

Kiboko akakunja uso. "Umeme wa kuhesabu ni wa zamani. Ndugu zangu wa Rufiji wameniambia: Bwawa la Julius Nyerere linatoa megawati 2,115. Laini yake imeletwa mpaka Chalinze, hapo jirani. Nchi ina umeme, halafu nyumba yangu iwe na njaa?"

"Mzee, na Ruvu ina maji. Jaribu kuyanywa yote kwa mrija wa soda."

Kisha akamweleza jinsi ukoo wao unavyoishi. Komba hutembea usiku kwa kuruka, na kabla ya kuruka hupima tawi kwa macho. Mti waweza kuwa mnene hata mikono ya watu watatu isiuzunguke, lakini wewe hutui kwenye mti, unatua kwenye tawi. Tawi linalombeba komba mmoja halibebi sherehe ya harusi. Laini ya TANESCO ni mti. Waya uliomo ndani ya plasta ni tawi.

Maneno hayo yangeweza kuiokoa nyumba. Lakini Kiswahili chetu kimeuonea ukoo ule: mtu akipepesuka husemwa kalewa kama komba, kwa sababu ya wale wajomba zao wanaokutwa wamelala chini ya minazi ya wagema. Kiboko akamtazama fundi yule mwenye macho ya kutopata usingizi, akakumbuka msemo, akaacha kumsikiliza. Komba akafunga mzunguko mmoja kama fedha ilivyoruhusu, soketi sita, moja kila chumba, akaandika kwa kalamu ya rangi juu ya kisanduku cha breka: *4,600*. Akarudi Kisarawe.

Wiki hiyohiyo akaja Ngedere. Hakuwa na daftari. Alikuwa na bisibisi ya testa sikioni na mkia mrefu. Kwa siku moja akageuza soketi sita kuwa kumi na nane, zote kwenye waya uleule. Kiboko akafurahi, akapandisha kodi.

Vyumba vikajaa, na kwa miezi miwili mambo yakaenda. Kisha breka ikaanza kukata. Ilikuwa ikikata jioni, na haikukata papo hapo, ilivumilia dakika kadhaa kwanza, jambo lililowafanya waseme ina vituko. Hakuna aliyechukua kijiti akaandika mchangani. Wangeandika, wangeona: taa nne za vifaranga, wati 250 kila moja, ni 1,000. Pasi ya Mbuzi 1,200. Birika la Bata 2,000. Jiko la Sungura, sahani zote mbili, 2,500. Friji ya Paka 150. Jumla 6,850. Gawanya kwa 230, ni karibu ampea 30 kwenye tawi la ampea 20. Ndani ya breka kuna kipande cha metali mbili zilizounganishwa. Mzigo ukizidi, kinapata joto na kujipinda taratibu mpaka kinaachia. Ule uvumilivu waliouita vituko ulikuwa ni muda wa kupima.

Mwenyekiti wa mtaa, Kunguru, akaitisha kikao chini ya mwembe. Wapangaji wakasimama mmoja mmoja kutoa ushahidi dhidi ya breka. Mbuzi akasema imemuunguzia heshima kwa wateja. Sungura akasema inamwonea wivu, maana hukata maharage yakikaribia kuiva. Mama Kuku akasema, kwa uchungu wa kweli, kwamba taa zikizimika usiku vifaranga wake hujikusanya pembeni wakipandiana kutafuta joto, na asubuhi anakuta waliokandamizwa. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na hoja, na hoja yake ndiyo iliyotumika kupitisha hukumu mbaya kuliko zote. Kikao kiliazimia breka ing'olewe.

Ngedere akaweka ya ampea 40. Watu wakapiga makofi. Usiku ule hakuna kilichokatika: maharage yakaiva, mashati yakanyooka, vifaranga wakalala. Kwa siku ishirini nyumba ilikuwa na amani ya mlinzi aliyefungwa kitambaa machoni.

Lakini ukutani waya ulikuwa unalipa. Mkondo ukiongezeka mara moja na nusu, joto ndani ya waya halipandi mara moja na nusu, linapanda mara mbili na robo. Na pabaya zaidi palikuwa kwa Sungura. Soketi za chumba cha Mbuzi zilikuwa zimelegea, kwa hiyo Mbuzi akaomba tundu kwenye ekstensheni ya jirani yake. Ekstensheni ina matundu manne na kila mtu huona matundu manne ya ampea 13. Lakini yote hunywa kwa plagi moja ukutani, na plagi hiyo mwisho wake ni wati 3,000 hivi. Jiko na pasi pamoja vilikuwa 3,700. Fyuzi ya plagi ilikuwa imeshaungua zamani, Ngedere akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Sasa hapakuwa na kitu chochote, kuanzia kisandukuni mpaka jikoni, chenye uwezo wa kusema basi.

Kilichobaki kusema kilikuwa plastiki. Plastiki ya soketi na plagi ikipata joto kupita kiasi inaweza kutoa harufu kali kama ya samaki. Paka hakukosea. Alikosa tu mtu wa kumwamini.

Usiku wa tatu baada ya Bata kupekuliwa, soketi ya Sungura iliyeyuka. Nyuma yake, upande wa pili wa tofali lilelile, ilikuwa soketi ya Mama Kuku, na chini yake maranda makavu ya mbao waliyolalia vifaranga. Tone moja la plastiki inayowaka lilitosha.

Bata alikuja mbio na ndoo ya maji. Bundi, ambaye usiku ndio mchana wake, akamzuia kwa mabawa: "Maji hapana! Umeme bado upo!" Akaruka hadi kwenye kisanduku, akashusha swichi kuu, ndipo akapaza sauti mchanga uletwe. Yule ambaye watu humfukuza juu ya mapaa wakisema analeta msiba ndiye aliyejua kilipo kisanduku. Moto ukazimwa kabla haujafika darini. Asubuhi Mama Kuku alihesabu vifaranga mia moja themanini na mmoja. Alihesabu mara tatu.

Hakuna mahali katika hekaya hii panaponiuma kama hapo anapohesabu mara ya tatu.

Kiboko alikwenda Kisarawe mwenyewe. Alipanda vilima vya Pugu kwa miguu yake mifupi, akahema, akafika chini ya mti wa Komba saa saba mchana, wakati fundi amelala, akakaa kimya mpaka jua likazama. Komba aliposhuka, Mzee hakusema kuhusu moto. Alisema, "Lete daftari lako, fundi."

Safari hii Komba alianza kwa wapangaji. Alikaa kila chumba, akageuza kila kifaa, akasoma kibandiko cha wati kilicho chini au nyuma yake. Alimuuliza Mbuzi anapiga pasi saa ngapi, akamuuliza Bata kama birika linaweza kupisha jiko. Aling'oa waya uliokakamaa. Jiko na birika vikapewa waya wao wa milimita 4 na breka ya ampea 25, kwenye jiko la pamoja uani. Vyumba vikagawanywa mizunguko miwili, kila mmoja na breka yake ya 20. Taa za kuangazia zikawa peke yake, waya wa 1.5, breka ya 6. Soketi kumi na nane zikabaki tisa. Na alipofika kwa Mama Kuku alitoa mzunguko usiogawana na mtu yeyote, ili kosa la chai au la maharage lisizime joto la watoto.

Kazi ile ilichukua siku nne na ilimgharimu Mzee kodi ya miezi mitano.

Mwezi uliofuata Sungura alileta uani oveni aliyonunua Kariakoo. Akaichomeka jiko likiwaka na birika likiunguruma. Baada ya dakika chache jiko likazimika, birika likanyamaza, uani pakawa kimya. Bata akachomoa birika lake bila kuambiwa. Sungura akaigeuza oveni akatafuta kibandiko, akaanza kusoma kwa sauti, tarakimu moja moja. Chini ya mlango wa Mama Kuku mwanga mwekundu wa taa nne ulikuwa bado umelala sakafuni, na ndani vifaranga wakiendelea kulia taratibu kama wanavyolia wakiwa na joto la kutosha.