Ombi la Mgeni Rasmi wa Kudumu

Kwa Wahariri wa Habari,
Magazeti, redio na televisheni za kitaifa,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUPATIWA MGENI RASMI WA KUDUMU MKOANI MTWARA



Tumechunguza jinsi habari zetu zinavyotoka, tukagundua kwamba hazina kasoro yoyote ila kukosa mheshimiwa. Bomba la maji likikauka Nanyamba, si habari. Mheshimiwa akija kulitazama bomba lililokauka, hiyo sasa ni habari, inayoanza na jina lake, cheo chake na ujumbe alioongozana nao. Bomba linaingia aya ya tano, kama nafasi ipo.

Hatumlaumu mwandishi wenu wa huku. Analipwa kwa habari iliyotoka, na inayotoka ni ya mgeni rasmi, ambaye isitoshe ana gari la kumbeba na, tusifichane, bahasha.

Ni kweli mmewahi kutukumbuka bila mgeni rasmi. Mei 2013, mji ulipowaka kwa ghasia za kupinga bomba la gesi, mlikuja. Watu walipokuwa wakisema tu, bila kuchoma kitu, nafasi ilikuwa finyu. Gesi ya Mnazi Bay imeshawafikia, kwa bomba la zaidi ya kilomita 500 lililozinduliwa Oktoba 2015. Habari za Msimbati inakotoka gesi hiyo bado hazijachimbiwa bomba.

Aprili 2019 mlikuja tena kukipokea Kimbunga Kenneth. Kikatupita, kikaangukia Cabo Delgado, Msumbiji, nanyi mkafunga kamera, kana kwamba mto Ruvuma ni ukuta na sisi hatuna wajomba ng'ambo.

Na korosho! Novemba 2018, Rais Magufuli alipoamuru jeshi lizinunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya kijani yalipendeza sana ukurasa wa mbele. Mkulima aliyeingia mwaka 2019 akiwa bado anasubiri uhakiki na malipo hakuwa na nyota begani.

Jambo moja hatuwezi kulitania. Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa na wapiganaji waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, watu wa mjini walijua kwa simu za ndugu, siku kadhaa kabla Mkuu wa Jeshi la Polisi hajathibitisha. Siku hizo zote habari ilikuwa inasubiri cheo.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba fani yenu tuliwachangia mtu. Benjamin Mkapa wa Lupaso, Masasi, alikuwa mhariri kabla ya kuwa Rais: alihariri gazeti la Uhuru, akahariri Daily News, na mwaka 1976 akawa mkurugenzi mwanzilishi wa Shihata, shirika la kukusanya habari za nchi nzima. Julai 2020 tulipomzika Lupaso, mlijaa. Mazishi yalikuwa na wageni rasmi wa kutosha.

Hivyo tunaomba mheshimiwa mmoja akae huku moja kwa moja. Hatuchagui. Hata naibu tunampokea, hata mstaafu mwenye suti. Kazi yake itakuwa kusimama kando ya kila jambo: mnada wa korosho, zahanati isiyo na dawa, boti ya mvuvi isiyorudi. Kusema si lazima. Asimame tu, mpige picha.

Mkikataa, tutalazimika kumuiga Latham Leslie-Moore, Mwingereza aliyejitangazia dola yake mwenyewe pale Msimbati. Aliambulia kufukuzwa, lakini wageni walimwandika. Dola ndogo ina mawaziri, na mawaziri ndio wageni rasmi wenyewe.

Lakini ipo njia ya bei nafuu. Mwandishi wenu yupo, kijiji cha Kitaya kipo, na gari la abiria linakwenda. Mlipeni nauli aende kabla mheshimiwa hajapanga ziara.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa aya ya tano,
Mtwara.